Pilates, mizani, na sisi tunaoshinda tumekaa

Najua nimepotea kidogo. Muhula umefika pale pabaya, tamrini zinagongana na majaribio, na sisi wa ualimu tunajiandaa na mazoezi ya kufundisha juu yake. Leo nayaweka kando malalamiko ya foleni ya bumu, niandike historia kidogo, maana kuna swali linazunguka sana huku hosteli za wasichana na naona kila anayejibu anabahatisha.

Swali lenyewe ni hili: mwanamke ambaye hafanyi mazoezi yoyote, akianza Pilates, mwili wake utabadilika? Watu hawaulizi afya kwa ujumla. Wanauliza mafuta yatapungua au hayapungui, tumbo litaingia au haliingii. Kwenye simu zetu matangazo ya Pilates za ukutani hayaishi, eti siku 28 tu na unakuwa mtu mwingine. Wapo wanaolipia kwa hela ya bumu kabisa. Siku ya 29 mtu anapanda mizani, anakuta kilo ni zile zile, basi anaacha kila kitu na kurudi kitandani. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu aliyeacha hajui ameacha nini. Na mimi nasomea kufundisha watoto wa watu, wakiwemo wasichana watakaoniuliza swali hili hili.

Basi tuanze na mwenye jina. Wengi wanadhani Pilates ni neno tu kama aerobiki. Ni jina la mtu. Joseph Hubertus Pilates alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Inaelezwa kuwa utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, pumu na matege, akajitibu kwa mazoezi ya viungo mpaka akawa na mwili wa kutamanika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Uingereza, na kwa vile alikuwa Mjerumani akahesabiwa raia wa nchi adui. Akawekwa kizuizini pamoja na wenzake, hatimaye katika kambi ya Knockaloe kwenye kisiwa cha Man. Kambi hiyo ilifikia kuwa na watu zaidi ya 20,000, wote wanaume.

Hebu fikiria maisha ya pale. Umefungiwa nyuma ya waya, huna kazi, chakula ni cha kupimiwa, miaka inapita. Mwili unaoza kwa kukaa. Katika mazingira hayo ndipo Joseph alipokuza mazoezi yake, yasiyohitaji uwanja wala mpira, yanayofanyika kwenye nafasi ya kulala mtu mmoja. Kuna masimulizi kwamba alifunga springi za vitanda ili wagonjwa wafanye mazoezi wakiwa wamelala, na kwamba mashine zake za baadaye zilitokana na hapo. Hayo yasome kama masimulizi. Cha kushika ni kwamba hakuna mtu kule kambini aliyekuwa na shida ya kupunguza uzito. Shida ilikuwa kubaki na nguvu wakati maisha yamesimama.

Baada ya vita alirudi Ujerumani, kisha mwaka 1926 akahamia New York. Yeye na mwenzi wake Clara wakafungua studio Eighth Avenue, jirani na studio za wacheza dansi. Mwenyewe hakuyaita mazoezi yake Pilates, aliyaita Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili. Wacheza dansi wakaanza kuja, wengi wakiwa na magoti na vifundo vilivyoumia. Watu wakubwa wa dansi kama George Balanchine na Martha Graham walifahamiana naye na kumpelekea wanafunzi wao. Mwaka 1945 alitoa kitabu kiitwacho Return to Life Through Contrology, chenye mazoezi 34 ya kufanya kwenye mkeka. Angalia jina hilo: kurudi kwenye uhai. Hazungumzii kukonda hapo.

Joseph alifariki mwaka 1967. Walioendeleza kazi yake ni wanafunzi wake, na kati yao wanawake walikuwa wengi. Romana Kryzanowska aliyekuwa mcheza dansi ndiye aliyekuja kuishika studio ya New York. Kathleen Stanford Grant, Mmarekani mweusi aliyekuja kwa Joseph akiwa na goti bovu, alikuwa miongoni mwa wachache sana waliopata cheti wakati mzee mwenyewe yuko hai. Miaka ya 1970 mwanafunzi mwingine, Ron Fletcher, akafungua studio Beverly Hills, kule wanakoishi waigizaji wa Hollywood. Nafikiri hapa ndipo njia ilipopinda. Mazoezi yaliyozaliwa kwa wafungwa na kukuzwa na majeruhi yakaingia katika mji ambao umbo la mwanamke ni biashara. Halafu Oktoba 2000 mahakama moja ya shirikisho New York ikaamua kuwa neno Pilates ni jina la aina ya mazoezi, hivyo hakuna mtu mmoja wa kulimiliki kama alama ya biashara. Kuanzia hapo yeyote aliruhusiwa kufungua studio na kuandika Pilates mlangoni. Ndiyo maana leo yeyote anaweza kukuuzia ya siku 28.

Hiyo ni historia ya mazoezi. Kuna historia ya pili ambayo watu hawaisemi, nayo ni ya kipimo. Maana unapouliza "nimepungua?" lazima kuwe na kitu kinachokujibu. Hicho kitu nacho kina babu zake.

Miaka ya 1830 Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na takwimu, alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani". Akagundua kwamba kwa watu wazima uzito unakwenda karibu sawa na urefu ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe. Quetelet hakuwa daktari na hakuwa anatafuta mnene ni nani. Lakini hesabu yake ndiyo hii tunayoiita BMI: kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys na wenzake walipolinganisha fomula mbalimbali wakitumia vipimo vya watu zaidi ya 7,400 kutoka nchi tano. Na watu hao wote walikuwa wanaume.

Katikati hapo, mwaka 1942, daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, alikuja na jambo la maana sana. Alipima watu wakiwa ndani ya maji, kanuni ile ile ya Archimedes tuliyofundishwa sekondari. Mafuta ni mepesi kuliko maji, msuli na mfupa ni vizito kuliko maji. Ukijua mtu anapoteza uzito kiasi gani akizama, unaweza kukadiria mafuta yake ni kiasi gani. Wakapimwa wachezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani. Kwa jedwali la uzito na urefu wengi wao walikuwa wazito kupita kiasi, lakini majini ilionekana ule uzito ni misuli. Hapo ndipo wazo la muundo wa mwili lilipopata nguvu: kilo zako ni mchanganyiko wa mafuta, misuli, mifupa na maji, na mizani ya kawaida haijui kutofautisha. Lakini hata hapa waliopimwa walikuwa mabaharia na wachezaji. Wanaume tena.

Na kukaa je? Nako kuna historia yake. Mwaka 1953 Jerry Morris wa London na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi. Dereva anakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Madereva waliugua moyo zaidi ya makonda. Mwaka 1956 wakaongeza jambo linalonifurahisha kila nikilisoma: walichukua kumbukumbu za sare, wakaangalia saizi za viuno vya suruali, wakakuta madereva wana viuno vikubwa kuliko makonda. Yaani fundi cherehani alikuwa anajua muundo wa mwili kabla ya mtafiti! Lakini umeshaona mwelekeo. Madereva wanaume, makonda wanaume.

Kwa hiyo ukifika mwaka 2000 una mazoezi yaliyobuniwa kati ya wanaume waliofungwa, na vipimo vilivyotengenezwa kwa miili ya wanaume, halafu vyote viwili vinamwangukia mwanamke anayeshinda kwenye kiti, anaambiwa jipime. Mwanamke ambaye kwa maumbile hubeba mafuta mengi kuliko mwanaume wa BMI ile ile, na bila ugonjwa wowote.

Sasa twende kwenye tafiti zenyewe, maana zipo. Mwaka 2004 Neil Segal na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 47 walioanza Pilates, wanawake 45 na wanaume 2. Kipindi kimoja cha saa moja kwa wiki, wakapimwa baada ya miezi 2, 4 na 6. Waliotimiza masharti ya mahudhurio ni 32. Matokeo: wakiinama kugusa sakafu, vidole vilishuka zaidi kwa sentimita 3 mpaka 4 hivi. Muundo wa mwili haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka 2007 ukatoka utafiti wa Uturuki, Betül Sekendiz na wenzake, na huu ulikuwa wa wanawake wasiofanya mazoezi hasa. Wiki 5 tu. Nguvu ya tumbo na mgongo ikapanda, ustahimilivu ukapanda, wepesi wa kujikunja ukapanda. Uzito na asilimia ya mafuta, hakuna tofauti ya maana.

Mwaka 2012 wakaja waliokusanya tafiti zote zilizokuwepo na kuzichambua. Wakasema ushahidi kwamba Pilates hubadilisha muundo wa mwili ni hafifu, na tafiti nyingi hazikupangwa vizuri. Mtu angeweza kufunga kitabu hapo. Lakini mwaka 2021 ukatoka uchambuzi mwingine, wa majaribio 11 yenye jumla ya watu 393 wenye uzito mkubwa au unene uliopitiliza. Huo ukakuta waliofanya Pilates walipungua wastani wa kilo 2.4 hivi kuliko wasiofanya, na asilimia ya mafuta ikashuka kwa pointi 4 na kidogo. Mzunguko wa kiuno haukubadilika kwa uhakika, na uzito wa mwili bila mafuta nao haukubadilika.

Je, wanapingana? Mimi sioni hivyo. Tupige hesabu ya kawaida tu. Pilates ya kawaida inakadiriwa kutumia nishati mara 3 ya ile unayotumia ukiwa umekaa kimya. Mwanamke wa kilo 65 akikaa saa moja anatumia kama kalori 65. Akifanya Pilates saa hiyo hiyo anatumia kama 195. Faida yake ni kalori 130, ambayo haifiki hata soda moja ya mililita 350. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Sasa mtu anayefanya mara moja kwa wiki kwa miezi 6, yaani mara 26, anapata kalori 3,380. Hiyo ni chini ya nusu kilo! Hakuna mizani wala kifaa kitakachoiona vizuri, na ndicho walichokikuta kina Segal. Akifanya mara tatu kwa wiki kwa muda ule ule, ni kalori 10,140, tuseme kilo 1.3. Hiyo ni kama chakula hakikuongezeka. Ukiongeza kwamba watu wa uchambuzi wa 2021 walianza na uzito mkubwa, hivyo kila saa ya mazoezi inawala nishati zaidi, picha inaanza kueleweka. Wiki 5 au siku 28 ni muda mfupi mno kwa mafuta. Kwa msuli siyo mfupi.

Na hili la msuli ndilo ninalotaka wasichana wenzangu walishike. Mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi, wiki za mwanzo nguvu inapanda haraka hata kabla msuli haujanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuuamsha msuli uliokuwa umelala. Ndiyo maana yule mwanamke wa Uturuki kwa wiki 5 ana mgongo wenye nguvu na kilo zile zile. Mizani inamwambia hakuna kilichotokea. Mgongo wake unajua kimetokea nini.

Chukua wanawake wawili wa kilo 65 na urefu wa mita 1.60. Wote BMI yao ni 25.4, wote kwa jedwali wameshavuka mstari wa uzito wa kawaida ambao ni 25. Mmoja anapandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu bila kuhema, mwingine anapumzika kila ngazi. Jedwali linawaita jina moja. Hata zile mizani za kisasa zinazokuandikia asilimia ya mafuta zinapitisha umeme mdogo miguuni na kukisia kutokana na maji ya mwili. Ukinywa maji mengi au ukitoka jasho, jibu linabadilika. Usilie kwa sababu ya hiyo namba.

Lakini nisieleweke kwamba mafuta hayana madhara, au kwamba Pilates inatosha peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mfano kutembea kwa haraka, na juu ya hapo mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Kwa takwimu zao za mwaka 2022, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafikii kiwango hicho, wanawake 34 na wanaume 29. Pilates ya kwenye mkeka inaingia vizuri pale kwenye misuli. Upande wa dakika 150, viatu vinatosha. Kutembea haraka kunatumia nishati zaidi ya Pilates kwa muda ule ule, na hakuna anayekutoza hela.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la hosteli ni hili. Ukianza Pilates ukiwa hujazoea mazoezi, utabadilika, lakini mpangilio wake ni nguvu na wepesi kwanza, mafuta baadaye na kidogo, tena kwa sharti la kufanya mara nyingi, kwa miezi, na kuangalia sahani yako. Pima kwa vitu vinavyolingana na zoezi: leo umekaa na miguu umeinyoosha, vidole vinafika wapi? Unaweza kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde ngapi? Andika, rudia baada ya wiki 5. Na mkeka siyo lazima wa dukani, kanga mbili juu ya jamvi zinafaa, na mazoezi yale 34 yalipangwa yafanyike hata nyumbani.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzangu watarajiwa. Kipindi cha michezo shuleni, wasichana wengi tunawaona wamekaa chini ya mwembe wakijidai wanaumwa. Tukiwavuta kwa kuwaambia "njoo upungue", tunawafundisha kwamba mazoezi ni adhabu ya mwili mnene, na aliye mwembamba atajiona hahusiki. Wale wanaume wa Knockaloe hawakuwa wanene. Walikuwa watu waliokalishwa kwa nguvu, wakakataa kuachia miili yao. Sisi tunakalishwa na madawati na simu. Msichana wa kidato cha pili akielezwa hivyo, nadhani atanyanyuka.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Walioanza na wakaacha, waambieni wenzenu mliacha lini na kwa nini. Wanaoendelea, semeni ni nini kilibadilika kwanza.